Neno "alas" na mama yake Neema

Leo nimejifunza neno moja la Kiingereza, na natamani ningelijua siku nyingine.

Wengi mnamjua Neema wa Singida, ninayekaa naye chumba kimoja hapa mtaa wa Al Qusais, huku Uarabuni. Asubuhi alipigiwa simu kutoka kwao. Mama yake amefariki.

Hakulia. Alikunja sare zetu zote za kazi, akafagia, akapika chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Mchana msimamizi wetu wa kazini, mzee wa Kihindi anayependa Kiingereza cha vitabuni, akamtumia ujumbe wa pole. Ulianza na neno "Alas".

Neema akanionyesha simu. "Dada Wanjiru, hili neno ni nini?"

Nikatafuta mtandaoni, nikamsomea kama mwalimu. Ni kilio cha zamani cha majonzi, kama sisi tunavyosema "ole wangu". Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na ndani yake mna neno la Kilatini lenye maana ya kuchoka.

"Yaani ni kama mtu anasema, ah, nimechoka," nikamwambia.

Akaketi kitandani polepole.

"Mama aliniambia hivyo Jumapili kwenye simu. Nimechoka, mwanangu. Mimi nikamwambia alale mapema."

Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka majirani zetu Waganda wakaja, tukamshika.

Bado analia. Atasafiri kesho kwenda kwao kumzika, inshallah.

Mlio karibu, hata mtaa wa pili wa Al Nahda, njooni tukae naye. Ameomba kitu kimoja tu: watu wa kusali naye kwa Kiswahili.