Chai ya Mashuuru

Hii siku nikiikumbuka bado nashikwa na hasira, na aibu pia, na tafadhali msinipe pole kwa sababu mwenye makosa ni mimi. Ilikuwa miaka ya elfu mbili, nimetoka tu kumaliza PhD, nikapata kazi ya utafiti ya miaka miwili: kompyuta zilikuwa zinafundishwa kuelewa lugha zetu, na kazi yangu ilikuwa kuchunguza vile watu wanaweza kuchukuliwa sauti zao bila kudhulumiwa (ndiyo, hiyo ndiyo kazi niliyolipwa kufanya, chekeni tu).

Nikaenda Mashuuru, kwa Wamaasai, kurekodi akina mama wakisoma maneno ya Kimaa kwa karatasi. Waliweka sahihi ya kukubali kusoma hizo karatasi, wakasoma, lakini walisoma kama watoto wa shule, na profesa aliyenisimamia alikuwa anataka mazungumzo ya kawaida. Kwa hivyo chai ilipoletwa sikuzima mashine ya kurekodi. Niliiacha tu hapo kando ya birika, nikajiambia si ni chai tu, wataongea nini.

Sasa mimi ni Mkamba wa Machakos, Kimaa changu kinaishia kwa salamu. Mwalimu aliyekuwa ananitafsiria aliomba asikilize hiyo rekodi ya chai kwanza, nikamwambia hatuna wakati.

Mwezi uliofuata tukaita watu kwa ukumbi huko Kajiado mjini tuwaonyeshe kazi, akina mama wakaja na mabwana zao, chifu akaja, profesa akakaa mbele na tai yake. Nikachagua kipande cha ile chai kwa sababu kilikuwa na kicheko kingi, na sauti ya Mama Nashipae, mmoja wa wale akina mama, ilikuwa safi kuliko zote. Nikabonyeza. Watu wakacheka kidogo, nikafurahi, nikaongeza sauti, halafu ukumbi wote ukanyamaza, na mimi nikadhani wanasikiliza kwa makini, nikaongeza tena (kwa mkono wangu huu).

Mwalimu ndiye alikuja akachomoa waya. Akaniambia polepole kwamba huyo mama anasema ameficha title, hati ya shamba, kwa dada yake Kitengela, ndani ya debe la unga, ndio bwanake asiwauzie watu wa Nairobi. Bwanake alikuwa safu ya tatu. Aliinuka, akavaa kofia, akatoka bila kumwangalia mtu.

Mama Nashipae hakulia. Alikuja mpaka pale mbele akaniuliza, "Daktari, hiyo ya chai niliweka sahihi wapi?"

Profesa ndiye alijibu, kwa Kiingereza, eti angalau tumeona mashine inasikia vizuri. Nilitaka kumrushia ile kompyuta. Lakini yeye hakubonyeza kitu, nilibonyeza mimi.

Baada ya wiki kadhaa nilienda kwake kuomba msamaha. Alifika kwa geti na hakunifungulia. Title ilikuwa imeshachukuliwa na bwanake, na upande wa barabarani vigingi vya mnunuzi vilikuwa vimeshapigwa. Nikatoa mashine, nikafuta ile rekodi akiona.

"Umefuta kwa mashine," akasema. "Kwa shamba utafuta na nini?"

Akarudi ndani.

Tangu hapo, hata mtu akishaweka sahihi namuuliza tena kwa mdomo, na chai ikiletwa natoa betri kabisa. Wenzangu wananiambia napoteza maneno mazuri sana. Wacha yapotee.