Bahari ya Kale Iliyoliwa na Kuku

Jamani, naona aibu hata kuanza, ila kwa kuwa ofisini wameshanibatiza "Mama Bahari" na jina limeganda, bora mnisikie mimi mwenyewe kabla wambea hawajaongeza chumvi.

Tulikuwa Igoma, juu kidogo kutoka ziwani, tunachimba kisima kirefu kwa Mama Kulwa, mfugaji wa kuku wa mayai, na bosi kaniachia mtambo peke yangu (kwa mara ya kwanza!), akasema nikimweleza vizuri matabaka ya chini, kisima kijacho nasimamia mimi. Kazi yenyewe ni hivi: mashine inatoboa, udongo na mawe yaliyosagika yanapanda, unakinga kila tabaka kwenye mfuko wake, halafu unaisoma mifuko kwa mpangilio na kujua zamani hizo hapo palikuwa nini. Na mimi tangu chuoni nilikuwa naota kitu kimoja tu, kukuta dalili kwamba maji yaliwahi kufika mpaka huku juu.

Basi mifuko ikaniishia. Badala ya kumtuma mtu mjini (kosa lenyewe ndilo hilo, lishikeni), nikamwomba Mama Kulwa viroba.

"Chukua hapo bandani mwanangu, vipo tele."

Nikachukua, nikakinga udongo wa kijivu uliokuwa unatoka, laini kama uji, na udongo wa namna hiyo hutuama chini ya maji yaliyotulia, nikaupekua kwa vidole na nikakuta nini? Vipande vya maganda ya konokono! Na mifupa ya samaki!

Nilipiga ukelele mpaka Juma, fundi wa mtambo, akazima mashine akidhani nimekatika kidole.

"Bahari!" nikasema. "Hapa palikuwa bahari!"

Ningesema ziwa walau ningejiokoa kidogo, lakini furaha haina breki, nikapiga picha, nikarekodi sauti, nikatuma kwenye grupu la ofisi alimo bosi, majirani wakajaa na ndoo zao, nami nikamwaga kiroba kizima juu ya turubai nikawahutubia habari za samaki wa kale.

Ndipo kuku wakaja (mlango wa banda niliuacha wazi mimi). Hawakubisha hodi, walipita katikati ya miguu ya watu wakaivamia bahari yangu, nami nawafukuza kwa koleo.

"Mama, kuku wako wanakula ushahidi!"

"Sasa utawazuiaje, mwanangu?" akasema Mama Kulwa kwa huruma. "Hicho si kiroba cha chakula chao? Tunachanganyaga dagaa na konokono wa kusaga, mayai yawe na ganda gumu."

Watu walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo yake. Juma alisharusha video kwenye grupu, na bosi akapiga simu papo hapo.

"Zuhura, bahari nimeiona. Na hao kuku ni wa enzi gani?"

Maji yalipatikana, usimamizi sikuupata. Kinachoniuma ni kwamba udongo ule ulitoka chini kweli, na huenda ndani yake lilikuwemo ganda moja la kale, moja tu, lakini nani atalijua sasa? Siku hizi kabla sijauliza udongo una umri gani, nauliza mfuko ulibeba nini jana.

Mama Kulwa alinipa trei ya mayai ya kunipoza. Niliyala yote, na kila nilipopasua moja nilisita kidogo, nikalitazama lile ganda. Gumu kwelikweli.