Aliyeshika Antena

Televisheni ya wazazi wangu iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, siku chache kabla ya kwaya ya mama kuonyeshwa. Mama anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu kule Marangu, na ameimba tangu kabla sijazaliwa. Watu wa televisheni walikuwa wamekuja kuwarekodi kwa ajili ya kipindi cha nyimbo za dini cha Jumapili jioni. Katika miaka yote hiyo mama hajawahi kujiona akiimba. Aliisubiri Jumapili ile kama mtoto anavyosubiri nguo ya Krismasi, ila yeye alijitahidi tusimwone anasubiri.

Siku hiyo baada ya ibada, jirani yetu, mama wa nyumba ya juu, alitusimamisha nje ya kanisa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akamgeukia mama.

"Mje kwangu tuangalie wote. King'amuzi changu hakina shida."

Mama alishafungua mdomo kukubali. Mimi nikadakia, "Asante, mama, lakini sisi tutaangalia nyumbani. Nimekuja na mitambo yangu."

Mjini Moshi natengeneza kompyuta za watu. Sasa mama yangu aende kuomba kuangalia televisheni kwa jirani, na mwanawe fundi yupo? Yalikuwa majivuno tu, wala sina jina lingine la kuyapa. Nilikuwa nimepanda na kifaa kidogo cha kunasia chaneli, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta, pamoja na antena yake. Kompyuta ya mezani ilikuwepo sebuleni, niliwapelekea mwenyewe. Nilimwambia mama kwamba siyo kuangalia tu, nitamrekodia kabisa ajitazame mpaka achoke.

Kompyuta ikakikataa kifaa. Nikaweka programu yake upya, ikakitambua. Nikatafuta chaneli, haikupatikana hata moja. Nikachimba kwenye mipangilio, nikakuta imechaguliwa nchi ambayo hata kwenye ramani ningeitafuta kwa tochi. Nikaweka Tanzania, nikatafuta tena. Patupu. Waliosema mganga hajigangi walikuwa wamenifikiria mimi.

Mama akaniletea chai, akasimama nyuma yangu akiangalia kioo kitupu. "Au twende tu kwa jirani?" akauliza taratibu. "Bado muda upo."

"Mama, hebu nisubiri bwana!"

Mteja wangu sijawahi kumjibu kwa sauti ile. Mama akachukua trei akaondoka.

Shida ilikuwa mawimbi. Nyumba yetu imekaa bondeni, na mgongo wa kilima unaikinga na mnara. Nikaitoa antena nje kwa waya mrefu, nikaifunga kwenye mti mrefu wa kukatia maparachichi, nikausimika kwenye uwazi kati ya migomba. Chaneli zikaingia! Nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Halafu manyunyu yakaanza, udongo ukalainika, mti ukalala upande, picha ikawa chenga tupu. Kipindi nacho ndiyo kilikuwa kinaanza.

Mama alikuwa ameshatoka nje. Nilimwona dirishani anauokota ule mti, anauinua juu kwa mikono miwili. "Acha nishike mimi," akasema. "Wewe kaa na mashine yako." Picha ikarudi, safi.

"Hapo hapo, mama! Usitikisike!"

Nia yangu ilikuwa ashike kidogo tu, mimi nitafute kamba na mawe niusimamishe vizuri. Lakini nilipoiona picha imetulia niliogopa kuigusa. Baba, ambaye ana mtoto wa jicho na hata mkono wake mwenyewe anauona kwa shida, alivuta kiti karibu na spika akainamisha kichwa. Kwaya ikaanza.

"Huyo mama yako," akasema baba. "Naisikia sauti yake."

"Tumeshaonekana?" mama akauliza kutoka nje.

"Mmeonekana! Inua kidogo!"

Pembeni ya kioo kulikuwa na mstari wa kuonyesha nguvu ya mawimbi. Ukiwa kijani nanyamaza, ukienda njano nampigia mama kelele dirishani. Juu kidogo. Kushoto. Rudi. Wimbo wa kwanza ukaisha hivyo, na wa pili. Nilijua analowa, najua kabisa nilijua. Nilijiambia umebaki wimbo mmoja.

Aliingia sweta likiwa limemgandia mabegani. Alijaribu kunyanyua kikombe, mkono ukakataa, akakirudisha mezani. Nikakimbilia kompyuta nimwonyeshe nilichomrekodia, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kitufe cha kurekodi sikukibonyeza. Nikamwambia. Kipindi chenyewe hakirudiwi.

"Hakuna neno," akasema, akaketi. "Basi nisimulie wewe. Nilionekanaje?"

Baba naye akageuza uso upande wangu. Mle ndani macho yalikuwa yangu peke yangu. Nikajaribu kukumbuka, nikapata majoho, nikapata mistari ya watu. Uso wa mama sikuupata. Nilikuwa nimeukodolea macho ule mstari mwanzo hadi mwisho.

"Ulikuwa unatabasamu, mama. Ulipendeza sana."

Akanitazama. "Hata kwenye wimbo wa mwisho?"

"Huo ndio ulizidi."

"Haya," akasema, akaanza kuusugua mkono wake.

Kabla hata hatujawasha taa, jirani akaingia na mwavuli, hodi yake haijaitikiwa. "Mwenzangu, mmetutoa machozi leo! Ule wimbo wa mwisho, tuliomzikia dada yako, wakakuonyesha peke yako, uso mzima. Machozi yanatiririka na kuimba huachi! Si mliona?"

Nilikuwa nimeinama chini ya meza nakunja waya, nikabaki huko huko. Mama aliyajua machozi yake tangu siku ya kurekodi, na alikuwa ameniuliza akiyajua. Angesema lolote wakati ule, lingekuwa halali yangu.

"Tuliona," mama akamjibu. "Mimi nilikuwa nje kidogo, lakini mwanangu alinisimulia yote. Hata machozi."