Kitabu Kinachouliza

Kila Jumamosi karani wa telegramu aliingia duka la vitabu la Phyllis mjini Embu, akapangusa vidole kwenye koti, kisha akashika vitabu viwili vya mtihani wa intaneti. Watu walikuwa wameacha kutuma telegramu, na asipopita mtihani huo angeachishwa kazi. Jumamosi hii vidole vyake viligonga majalada kana kwamba vinatuma ujumbe.

“Mzee, beba hiki chembamba,” Phyllis alisema. “Hicho kinene kitakumalizia macho.”

“Yalishaisha, mama.” Akafungua kile kinene, mwisho wa sura, penye maswali. Sauti yake ilikwaruza, kama ya mtu ambaye hajaongea tangu jana. “Hiki kinauliza. Kule kwangu hakuna wa kuniuliza kitu.”

Phyllis akakifunga kwa gazeti, polepole.

“Umekula, mzee?”