Mume Wangu Hakimbii

Mume wangu hakimbii. Mvua ikitukuta njiani, mimi navua viatu na kutimua mbio kama msichana, naye anakuja nyuma anatembea. Anatembea upesi, sikatai, nyonga huku na huku, viwiko vinachapa hewa, lakini anatembea. Tukifika nyumbani sote tumelowa chepechepe, ananiambia mimi nimelowa zaidi kwa sababu nilikimbia. Jamani, haya ndiyo maneno niliyoolewa nayo.

Katika chuo cha ualimu alikuwa mwanariadha wa kutembea kwa kasi. Ndiyo, ni mchezo. Na mimi nilicheka aliponitongoza kwa habari hiyo. Wenzake walirusha mkuki, walicheza mpira, huyu ananiambia anatembea. Sheria kubwa ni kwamba mguu mmoja lazima uwe umegusa ardhi wakati wote. Miguu yote miwili ikiwa hewani, umekimbia, na refa anakutoa kwa kibao chekundu. Kwenye fainali ya vyuo, yeye akiwa mbele ya wote, mzunguko wa mwisho, refa alimwinulia hicho kibao. Yeye anaapa hakuruka. Ameapa mbele yangu, mbele ya wazee wetu siku ya mahari, na mara moja mbele ya mchungaji aliyekuja kutuombea jambo lingine kabisa. Akasema tangu siku hiyo hakuna binadamu atakayemwona tena miguu yote miwili hewani.

Tulipohamia Kitengela, jirani yetu Mmaasai, mama wa makamo ambaye sote tunamwita Yeyo, yaani mama, alimtazama mume wangu akipita asubuhi kadhaa. Halafu akaja mlangoni na chupa.

"Sopa," akanisalimu.

"Epa, Yeyo."

"Hii ni mafuta ya kondoo. Pakia baba watoto huko kwa nyonga jioni, ikiwa moto. Pole sana. Ni pikipiki ilimwangusha?"

Nilishukuru, nikapokea, nikampaka. Mwalimu mzima alilala akinuka kondoo wiki nzima. Yeyo alipomwona bado anatembea vilevile, alisikitika, akaleta chupa nyingine.

Kuna mwizi aliyetuibia jogoo mchana kweupe. Vijana wa ploti walipiga kelele, "Buda, si ukimbie!" Wapi. Mzee alimfuata kwa kutembea. Mwizi alikimbia, akachoka, akasimama kupumua, akigeuka anamwona huyo anakuja, nyonga huku na huku. Akakimbia tena. Mpaka kule kwenye machimbo ya mawe alimwachilia jogoo na kuomba msamaha. Nafikiri kilichomshinda ni woga wa kufuatwa na kitu asichokielewa.

Lakini mtaa unampenda, na mimi najua kwa nini. Mvua ikinyesha, udongo wetu mweusi unashika magurudumu na basi la shule haliingii. Yeye ndiye anayekusanya watoto wa ploti zote, anawavusha barabara ya malori, anawafikisha kwenye geti la shule, ndipo ashike gari la Kajiado anakofundisha. Wanamfuata kwa mstari, wote nyonga huku na huku. Mama mmoja wa kanisani aliniuliza kwa upole kama huo ugonjwa unaambukiza.

Halafu akazaliwa kitindamimba wetu, nyayo zimepinda kwa ndani. Tulimpeleka hospitali Kajiado wiki baada ya wiki, anafungwa plasta, inafunguliwa, anafungwa nyingine. Baadaye akavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Mwishowe daktari akasema miguu imenyooka, sasa ni mtoto mwenyewe. Mtoto mwenyewe alipita miaka miwili akiburura makalio sebuleni, mbio kweli, lakini kusimama peke yake hataki. Mama mkwe alikuwa akipiga simu kutoka kijijini kwao, magharibi ya Kenya: "Na yule, bado?" Mume wangu anajibu, "Bado, mama. Anajipanga." Mimi naingia jikoni kulia. Niliogopa sana. Mungu ana utani wake, lakini kumpa mtembeaji mtoto asiyetembea, utani huo sikuupenda hata kidogo.

Kila jioni mume wangu alimshika mtoto chini ya makwapa, wakazunguka uwanja. "Kisigino kwanza, mama," anamwambia, maana mtoto amepewa jina la mama mkwe. "Goti nyoosha."

"Wewe!" nikamwambia. "Mtoto hajui kusimama, unamfundisha sheria za fainali?"

"Akijifunza vibaya, watamtoa."

"Nani atamtoa hapa? Kuku?"

Alicheka. Lakini mtoto alipoketi chini tena na kukataa kuinuka, nilimwona amegeukia ukuta, anajipangusa macho kwa ile jezi yake ya chuo iliyopauka. Nikajifanya sijaona.

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi mlangoni nakata nyanya, akina mama wa kikundi wanakuja kula kwangu. Yeyo alikuwa amesimama kwenye ua, ananipa habari za mbuzi wake. Mume wangu alikuwa mbali, kule getini, anafunga bawaba kwa waya. Mtoto alikuwa ameshikilia ukingo wa karai la nguo.

Akaliachilia. Akamtazama baba yake, akaenda. Kisigino kwanza. Goti limenyooka. Na nyonga, Mungu wangu, huku na huku.

"Uuuwi!" Yeyo akashika kichwa. "Hata huyu!"

Mtoto alikuwa anakwenda kweli, na mbele yake palikuwa na lile rundo la kokoto tulizoziacha tangu tujenge choo. Akayumba. Nikainuka, lakini nilijua sitafika.

Baba yake alikimbia. Nimesema alikimbia. Sandali moja iliruka ikaangukia ng'ambo ya ua, waya ukabaki unaning'inia getini, na kwa macho yangu haya niliona miguu yote miwili hewani, si mara moja. Alimdaka kabla uso haujafika kwenye mawe.

Mtoto ndiye aliyeanza kupiga mateke, anataka kushushwa aendelee. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na mkononi bado nilikuwa na nyanya nzima, imeiva vizuri. Nikaiinua juu, mkono umenyooka kabisa.

Akaitazama ile nyanya. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta.

"Refa," akasema, "kile kibao cha chuo sitakikubali mpaka nife. Hiki ni halali."