Romana Aliyepanga Mapigano

Marehemu mke wangu Romana alikuwa fundi cherehani hapa Bagara. Cherehani bado ipo, nimeifunika. Kazi yake nyingine ilikuwa kupanga mapigano ya maigizo. Hiyo wengi hawakuijua.

Alianzia kanisani. Ijumaa Kuu moja Baltazar alikuwa Yesu, na vijana waliokuwa askari wakampiga hadi bega likateguka. Romana ndiye aliyekuwa ameshona majoho. Akamwambia katekista, "Mwakani nipe hao askari wiki mbili." Akapewa. Mwaka uliofuata watu walilia kanisani, na Jumamosi yake Baltazar alikwenda Sigino kulima.

Mazoezi aliyafanya na mimi, uani. Nilipigwa miaka mingi, sikuumia. Siku moja balozi wa nyumba kumi akaja, maana majirani walikuwa wamesikia makofi.

"Hodi. Nani anapigwa humu?"

"Mimi," nikasema.

Balozi akamtazama Romana, akanitazama mimi. "Basi vumilia, Baba Valence." Akaenda zake.

Njia yake ilikuwa hivi. Anayepiga anapitisha mkono mbele ya uso, shibiri moja mbali. Anayepigwa ndiye anayetoa sauti, anagonganisha viganja vyake chini ya kifua. Na anayepigwa ndiye anayeanza. Asipofumba macho na kufumbua, mkono hauondoki. "Anayeumia ndiye bosi," alisema.

Mwaka 2005, mkoa wetu ukiwa na miaka mitatu, alikuja Eustace kutoka Arusha na kamera, anapiga filamu. Akachukua watu wa kikundi cha maigizo cha hapa, na Romana wa kuwapanga. Damasi, mbeba magunia sokoni, alikuwa mume. Noela alikuwa mke anayepigwa kofi. Noela sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Mume wake wa zamani ndiye aliyeliua, kwa kofi. Sasa kamera ilitaka apigwe kulia.

Filamu walipigia Bonga, uani kwa mtu, na mimi nilikuwepo. Mara ya kwanza ilikwenda vizuri. Mkono ukapita, sauti ikalia, Noela akaanguka. Damasi akasema, "Pole."

Eustace akasimamisha kamera. "Mume gani anasema pole?"

"Wapo," akasema Noela. "Wangu alikuwa anasema kesho yake."

"Imenitoka tu," Damasi akasema. "Mtu ameanguka mbele yangu."

Wakarudia. Damasi akasema tena pole, na Noela, akiwa pale chini vumbini, akaitikia, "Asante." Watu wakacheka.

Eustace hakucheka. Jua lilikuwa linashuka na kamera ilikuwa ya kuazima. "Mpige kweli," akasema. "Ukipiga kweli hasira zitakuja, hiyo pole itakufa yenyewe."

"Ana sikio moja," Romana akasema.

"Mara moja tu, mama. Kofi moja haliui mtu."

"Hata lile lilikuwa moja," akasema Noela.

Damasi akatazama viganja vyake. Alibeba magunia ya kilo mia tangu ujana. "Mama Valence, nifanyeje? Nikipiga nitamuumiza. Nisipopiga, nasema pole."

Romana akamwomba mwenye nyumba maji, akarudi na kikombe. "Weka yote mdomoni. Usimeze."

Mashavu yakajaa. Macho yakamtoka. Neno halikuweza kupita. Mtu asiyemjua Damasi angemkimbia.

"Huyo sasa ndiye mume," Eustace akasema.

Kamera ikawashwa. Noela akafumba macho, akafumbua. Mkono ukaondoka. Kofi likalia mpaka mbwa wa pale akakimbilia nyuma ya banda. Noela akaanguka, akalala. Damasi alisimama na maji yake, hakusema kitu.

Eustace akainua mkono kuonyesha imetosha. Noela hakuinuka.

Romana alikuwa amesimama nyuma ya Damasi, hakuiona ile nafasi kati ya kiganja na shavu. Mimi pia sikuiona. Romana akamtazama Damasi. Damasi akatikisa kichwa, maji bado mdomoni, kwamba hakugusa. Lakini na yeye alikuwa anakigeuzageuza kiganja chake.

Nilimjua Romana miaka arobaini. Sikuwahi kumwona akitembea vile, kama mtu anayebeba chungu kilichojaa. Akaenda akachuchumaa mgongoni kwa Noela, mahali asipoonekana. Akaita kwa sauti ndogo, ile ya kumwita mtu katikati ya misa.

"Noela."

"Abee, mama," Noela akasema, macho ameyafumba. "Wameshazima kamera?"