Kwa Baiskeli Kwenye Tuta la Reli, Siku Nilipokutana na Mama Mkwe

Niliitwa na mjomba wa Ngalula, mchumba wangu, niende shambani kwake nje ya Lubumbashi tukapange siku ya ndoa. Mzee huyo hakuniamini hata kidogo, na alikuwa akitafuta sababu ya kuiahirisha. Ningeweza kupanda lori, lakini mtaa wetu wa Katuba mzima ulikuwa ukiniuliza habari za ile njia mpya ya matembezi kwenye reli ya zamani, ambayo sikuwahi kuipita hadi mwisho, na mimi sipendi kuulizwa jambo nisilolijua. Nikavaa abakosti yangu ya pekee, ile suti isiyovaliwa tai, nikachukua baiskeli.

Asubuhi, kutoka Katuba, nilisindikizwa na Tshibangu, kaka yake Ngalula, mtu anayecheka hata msibani. Reli ile ilikuwa ikienda kwenye mgodi. Mgodi ulipofungwa, vyuma viling'olewa likabaki tuta tupu, na mkuu wa zone, yaani wa wilaya yetu, akaamua liwe bustani ya raia kutembelea. Kila siku ya salongo, ile kazi ya umma isiyo na hiari, tulifyeka nyasi na kugeuza mataruma ya zamani kuwa mabenchi. Nimewahi kukalia benchi moja. Lami yake bado iko kwenye suruali yangu nyingine.

Mtoni, daraja lilikuwa na mapengo, tukashuka na kubeba baiskeli begani. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na miti ilikuwa imetoa majani mapya mekundu. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi, nikamsahau hata mjomba.

Ng'ambo ya mto, wajenzi wa reli walikuwa wamepasua kilima, na njia ikapita kati ya kuta mbili za udongo. Humo ndani nikamwona mama yake Ngalula akija, kapu la uyoga kichwani. Alikuwa shambani kwa kaka yake, yule mjomba, tangu juzi.

Nieleze kidogo. Kwetu sisi watu wa Kasai, mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe kabla hajampa mbuzi wake, na mbuzi wangu alikuwa atolewe siku ya harusi. Ukikutana naye njiani, unaingia porini. Pori langu lilikuwa juu ya ukuta. Nikauparamia, nikateleza. Nikauparamia tena, nikateremka na udongo hadi karibu naye zaidi. Yeye alikwisha kugeuka, nami nikageuka. Tukapishana kinyumenyume, tukagongana makalio, na ncha ya kitenge alichojifunga kiunoni ikanaswa na mnyororo wa baiskeli yangu. Kuvuta kungemvua nguo.

"Tshibangu," nikaita, "kuya unisaidie."

Tshibangu alikuwa amekaa chini, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kusema nami, Mama akaiambia baiskeli, ambayo kwetu huitwa kinga: "Weye kinga, ambia ule mwenye kukusukuma arudishe pedale nyuma. Polepole. Na afunge macho."

"Kinga, ambia mama nilishaka kufunga," nikajibu.

Nilikitoa kitenge kwa kupapasa, vidole vimejaa grisi. Niliyafungua macho baada ya hatua zake kupotea kabisa.

Alasiri tulifika shambani. Nyuma ya ukuta wa jiko nilisikia masufuria. Mama alikuwa amekwisha kurudi kwa njia ya mashamba. Mjomba aliitazama abakosti yangu iliyojaa udongo.

"Mulikutana na mama mu njia?"

Tshibangu akaanza kukohoa. Nikaiona ndoa yangu ikienda zake.

"Tulipita njia moja, mjomba, lakini sikumuona."

"Ile udongo yote ilitoka wapi?"

Sauti ikatoka jikoni: "Hakuniona. Miye njo nilimuona, na nilimupenda. Pangeni siku."

Mjomba akapanga siku, uso umemkunjamana.

Jioni, njiani kurudi, Tshibangu alicheka mpaka mtoni, nami nilikanyaga pedeli mbele yake. Nilikuwa nimeparamia ukuta mara mbili kumkimbia mtu wa pekee shambani pale aliyenitaka.